Mgao wa maji Arusha: wenye kampuni za usafi wa vioo mnaishije msimu huu wa vumbi?

Vioo Chuga

Wakuu habari za majukumu.

Nina kampuni ndogo ya usafi hapa Arusha, kazi yetu kubwa ni vioo, maofisi ya mjini kati maeneo ya Mnara wa Saa, lodge kadhaa za Njiro na Sakina, na showroom moja ya magari. Nimeona nianzishe uzi kwa sababu mgao ukitangazwa kila mtu anaongelea kufua na kupika, waosha magari nao wanakumbukwa kidogo, ila hakuna anayemfikiria kijana aliyesimama kwenye ngazi ghorofa ya pili na ndoo yake imebaki robo.

Masika yakishakata Mei huku kwetu ndo imetoka hiyo mpaka vuli za Oktoba Novemba, katikati ni upepo na vumbi tu, jengo likiwa karibu na barabara isiyo na lami ndo usiseme, kioo ukikiosha Jumatatu ikifika Alhamisi mteja anakupigia kwamba vijana wako wiki hii hawajafika, na wamefika. Halafu miezi hiyo hiyo ya Juni mpaka Oktoba ndo watalii wamejaa na lodge zinataka vioo vinang'aa kila siku. Yaani kazi inapanda kipindi kile kile maji yanashuka.

Sasa kuna kitu watu wa nje ya kazi hii hawakijui. Kioo chenyewe hakinywi maji. Fundi mzuri akiwa na kile kifaa cha manyoya cha kupakia sabuni pamoja na skwiji, ule mpira wa kuvutia maji, ndoo moja ya lita 20 anamaliza vioo vya ofisi nzima na mengine yanabaki ndooni. Maji yanaishia kwenye matambara aisee. Vijana sita wakirudi jioni na matambara ya siku nzima, hili vumbi letu la udongo wa volkano ni laini na linang'ang'ania, unafua maji yanatoka kahawia, unasuuza ya kwanza bado kahawia, ya pili bado, na ukisema utosheke hapo basi kesho yake tambara linachora mistari kwenye kioo kwa sababu ndani lina mchanga. Ongeza fremu na kuta za nje, wateja wengi wanataka zipigwe mashine ya presha, na ile mashine lita mia nne kwa saa inameza bila wasiwasi.

Ila kinachotuumiza kuliko vyote ni karatasi. Mikataba yetu mingi imeandikwa mstari mmoja tu, "mteja atatoa maji na umeme", basi. Hakuna kinachosema maji yasipokuwepo inakuwaje. Siku ya mgao unafika na vijana, umewalipia nauli na chai, meneja anakwambia simtanki la juu ni la wageni usiliguse, unarudi mikono mitupu, mwisho wa mwezi ankara yako inakatwa kwamba kazi haikufanyika. Mteja wangu mmoja alinikata hivyo na sikuwa na pa kushika maana karatasi haisemi kitu.

Nikaamua kununua maji ya boza, yale yanayoletwa na gari la tanki. Maji yalikuwa ya kisima, vijana wakaosha saa tano jua limeshawaka, yalipokauka vioo vya upande mzima vikabaki na madoa meupe ya duara, ukipitisha kucha unayasikia yanakwaruza. Kwa hiyo nimelipia maji yaliyochafua kioo. Wenzangu mnafanyaje? Moshi hali ikoje? Karibuni.

Mzee wa Ngazi

Umeongea ukweli mtupu mdogo wangu. Mi hii kazi nimeianza kabla hata maghorofa mengi unayoyaona hapo mjini hayajajengwa, tulikuwa tunaosha kwa gazeti na spiriti.

Kwanza punguza sabuni. Vijana wakiona povu wanadhani ndo usafi, wanamwaga kifuniko kizima, sasa povu lile litatolewa na nini kama sio maji? Tone mbili tatu za sabuni ya kuoshea vyombo kwenye ndoo zinatosha. Halafu kabla ya maji piga kioo na brashi kavu laini, vumbi lianguke lenyewe. Ukianza na maji juu ya vumbi umetengeneza tope, na tope linataka maji mara mbili.

Saa ni muhimu kuliko maji. Usioshe kioo kinachopigwa na jua. Asubuhi osha upande wa magharibi, mchana uhamie mashariki, kifuate kivuli kinavyolizunguka jengo. Maji yakiwahi kukauka kabla ya skwiji kupita, hata yawe ya Kilimanjaro ya chupa, utaacha michirizi.

Hayo madoa meupe chukua siki nyeupe, changanya na maji nusu kwa nusu, pakaza, acha dakika kadhaa, halafu pangusa. Ila isidondokee kwenye kizingiti cha marumaru, siki inaila marumaru na hapo mteja atakuhamishia bili ya fundi mawe.

Kimaro wa Kwa Mrombo

Hivi mko serious? Watu huku pembezoni wanaamka saa nane usiku kusikilizia bomba, wamama wanapanga madumu, nyie mnalia vioo vya watalii vina madoa. Kioo kikikaa na vumbi mwezi mzima nani anakufa?

Vioo Chuga

Kimaro hakuna anayekufa kwa kioo, hilo nakubali. Ila vijana wangu wanne kati ya sita wanaishi huko huko kwenu, wanalipwa kwa siku, kazi ikiahirishwa huyo mama unayemsema na madumu yake jioni hana hela ya unga. Na ndo maana nimeandika kioo hakinywi maji mengi. Sipingi mgao wala siombi tupewe maji kabla ya watu. Naulizia namna ya kufanya kazi kwa maji kidogo na kuandika mkataba unaojua kwamba mgao upo.

Kimaro wa Kwa Mrombo

Sawa nimekuelewa. Ila hizo mashine za presha mngezizima kabisa msimu huu, huko ndo kufuru.

Mzee wa Ngazi

Hapo namuunga mkono Kimaro asilimia zote.

Mama Usafi Moshi

Vioo Chuga pole mwanangu. Huku Moshi mjini kidogo tuna nafuu, maji yetu mengi ni ya chemchemi, kuna Shiri, kuna Nsere, yanatoka mlimani, kwa kioo ni maji mazuri hayaachi alama sana. Ila nafuu isikudanganye, ukienda maeneo ya tambarare kule chini hali ni nyingine, na kiangazi kikikaza presha inashuka mpaka ghorofa ya kwanza hayapandi.

Mi nilichobadilisha ni matambara, maana umesema vizuri hapo ndo pa kuliwa. Natumia vya maikrofaiba vya rangi tofauti, bluu ni kioo peke yake, nyekundu ni fremu na vizingiti. Zamani tambara moja lilikuwa linafanya kila kitu kwa hiyo yote yanarudi yamekuwa tope. Sasa ya bluu yanarudi na unyevu wa sabuni tu, nasuuza mara moja. Ya fremu yanakung'utwa yakiwa makavu kwanza, nje, halafu maji ya kusuuzia ya bluu ndo yanakuwa ya kufulia nyekundu. Na maji ya mwisho kabisa yanaenda kwenye migomba, hayo hayamwagwi hata siku moja kwangu.

Naona hata mabinti zangu wa kazi wamezoea, mwanzo walininunia.

Boza la Uhakika

Wakuu mimi ni muuzaji wa maji, nafika Njiro, Moshono, Sekei, Ilboru, Sakina, mpaka Usa River. Maji yangu ni matamu hayana chumvi. Karibuni PM tuongee bei.

Vioo Chuga

Boza la Uhakika wote mnasema matamu. Umeyapima?

Boza la Uhakika

Watu wanakunywa mkuu na hawajawahi kulalamika.

Mwalimu wa Maabara

Naomba niingie hapo kwenye "matamu" maana watu wanachanganya mambo matatu.

Kuna floraidi. Hii ndo ya meno yetu ya kahawia sisi watu wa miteremko ya Meru, inatokana na miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kwa miaka mingi nchini tuliruhusu mpaka 4 kwa sababu vyanzo vingi vya kanda hii vilikuwa vinazidi hiyo 1.5. Hiyo ni ya kuogopa mdomoni. Madoa ya kioo siyo yeye.

Kuna magadi, ambayo visima vingi vya huku yamo, maji yanateleza mkononi kama umepaka sabuni. Na kuna chokaa. Hivi viwili ndo vinavyobaki juu ya kioo maji yakiruka hewani, maana maji yanaondoka peke yake na kilichoyeyuka ndani kinabaki pale pale. Kwa hiyo mtu anaweza kunywa akasema matamu na kioo kikakataa.

Kuna kikalamu cha kupimia chumvi zote zilizoyeyuka, wanaouza vifaa vya matanki ya samaki na vya kuchujia maji ya kunywa wanacho, unatumbukiza kwenye glasi kinakupa namba papo hapo. Hakikwambii ni chumvi gani wala hakikwambii kama maji ni salama kunywa, lakini kwa kazi yenu kinatosha sana. Chota glasi moja kwenye boza kabla hajamwaga. Namba ikiwa mia nane unamwambia asante ndugu yangu, apeleke kwenye saiti ya ujenzi.

Boza la Uhakika

Sasa mwalimu unaniharibia biashara 😂

Mmeru Ughaibuni

Wakuu mi niko Uingereza, Yorkshire, na nimefanya kazi ya vioo huku kabla sijahamia ghala. Niwape picha kidogo maana nao mgao wanao ingawa wanaupa jina lingine.

Huku hawakati maji majumbani, wanapiga marufuku mpira wa maji. Yorkshire ilipigwa Agosti 2022 na tena Julai 2025. Kwenye sheria yao vioo vya nyumba za kuishi vimetajwa kabisa kwenye orodha ya vitu huruhusiwi kuosha kwa mpira. Na usifikirie ujanja wa kujaza tanki kwa mpira halafu uvute kutoka kwenye tanki, wameshauandika nao, ni kosa lile lile. Ndoo na tambara ruksa. Maji ya mvua uliyokinga mwenyewe nayo ruksa, marufuku inahusu ya bomba.

Sasa wenye kampuni za vioo mara nyingi wanasamehewa hatua ya kwanza, kampuni ya maji inaamua, maana wanaona ni riziki ya mtu. Ukame ukiendelea inakuja hatua ya pili, hapo hata vioo vya maofisi na maduka vinaweza kuzuiwa. Kwa hiyo wenzetu wanaijua ngazi mapema, kila mmoja anajua yuko namba ngapi kwenye foleni ya kukatiwa. Hicho ndo nakiona kinakosekana kwenye stori ya mleta uzi, kwake ngazi inaamuliwa na meneja asubuhi ya siku ya kazi.

Kitu kingine, huku wanatumia fimbo ndefu yenye brashi na maji yanapanda ndani yake, unaosha ghorofa ya tatu umesimama chini. Maji yanachujwa mpaka kile kikalamu cha mwalimu kisome karibu na sifuri, chini ya 10 kioo kinakauka chenyewe bila kupanguswa. Raha sana. Ila kuna siri hawaisemi kwenye video za mtandaoni, mashine ndogo nyingi za kuchuja zinamwaga nusu au zaidi ya maji yaliyoingia. Mtu asije akawauzia hiyo hapo Arusha akisema inaokoa maji. Inaokoa shingo na ngazi, maji inakula.

Mzee wa Ngazi

Hio fimbo nimeiona hotelini fulani, imewekwa stoo haina wa kuitumia. Sasa najua kwa nini.

Meneja wa Zamu

Habari. Mimi niko upande wa pili wa hii meza, nasimamia nyumba ya wageni, nimesoma nikacheka pale "simtanki la wageni usiliguse" maana hayo ni maneno yangu kabisa.

Niwaeleze kwa nini. Mgeni akirudi safari ametoka Tarangire ana vumbi mpaka masikioni, akifungua bomba likatoa hewa, usiku huo huo anaandika mtandaoni na nyota zinashuka. Kioo kikiwa na vumbi haandiki. Kwa hiyo wa kwanza kukatwa ni bustani, wa pili ni vioo, wa tatu kufua mashuka kila siku, bafu ndo la mwisho. Sio chuki na vijana wenu.

Na mjue maji ya hapa mengi yanavutwa na pampu kutoka visimani, kwa hiyo umeme ukienda na maji yanaenda. Mgao wa umeme ule wa mwishoni mwa 2023 ulitupa adabu, tuliongeza tanki. Toka ule mradi mkubwa wa maji wa shilingi bilioni 520 hali mjini imekuwa bora kuliko miaka ya nyuma, hilo niliseme, lakini hakuna meneja mwenye akili atakayeruhusu tanki lishuke chini ya nusu akijua kesho ana wageni thelathini.

Mngekuja na maji yenu mngefanya kazi bila hata kuniuliza.

Vioo Chuga

Meneja nashukuru kwa uwazi. Sasa nikija na maji yangu nani analipa?

Meneja wa Zamu

Hilo ni swali la mkataba 😀

Chalii wa Ilboru

Oya nyie mnazunguka wakati maji ya bure yanapita juu ya vichwa vyenu. Mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Una stoo yenye bati la mita mia? Mvua ya milimita 50, ambayo masika ya hapa Chuga inashuka bila kujikaza, ni lita elfu tano. Hata ukipoteza robo kwenye mfereji na ile ya mwanzo unayoimwaga kwa ajili ya vumbi na mavi ya ndege, bado unabaki na maji karibu lita elfu nne, na hayajapita kwenye mwamba wowote, hayana magadi wala chokaa. Mwalimu anisahihishe.

Mwalimu wa Maabara

Hakuna cha kusahihisha. Ziba tanki mwanga usiingie, la sivyo Agosti utakuta kijani.

Vioo Chuga

Chalii hii imenikaa. Kwa hesabu ya ndoo mbili za kioo kwa jengo, lita elfu nne ni majengo mia. Kwa hiyo ya mvua inakuwa ya kioo tu, matambara yabaki na ya bomba au ya kisima yakisuuzwa ya mwisho na kopo moja la mvua. Hata boza la magadi linafaa kufulia fremu.

Mtu akitaka kuchimba kisima chake kwa biashara nadhani njia inajulikana, vibali ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zao ziko Moshi. Mimi kwa saizi yangu simtanki linatosha.

Narudi kwenye karatasi, maana Mmeru na Meneja wamenipa mwanga. Nimeandika hivi, nipondeni:

"Endapo siku ya kazi jengo halina maji au mteja ameyazuia kwa ajili ya matumizi mengine, mtoa huduma atatumia maji yake kuosha mlango mkuu, mapokezi na vioo vya ghorofa ya chini, na mteja atalipa gharama ya maji hayo. Sehemu iliyobaki itafanyika ndani ya siku saba bila makato. Kuosha kwa mashine ya presha kutasimama kipindi chote cha mgao."

Mama Usafi Moshi

Ongeza mteja akujulishe jioni ya jana yake. Nauli za vijana ndo zinazouma, sio maji.

Meneja wa Zamu

Hiyo ya kujulishana naikubali, na ya kuanza na mapokezi naikubali sana, pale ndo mgeni anapiga picha ya mlima Meru kupitia kioo. Kwenye "atalipa gharama ya maji" tuna tatizo. Utaniletea risiti gani?

Boza la Uhakika

Risiti ya mkono ipo mkuu, nina kitabu na mhuri.

Meneja wa Zamu

Kitabu na mhuri mhasibu wangu anakirudisha na maneno juu. Anataka ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Boza la Uhakika

Boza na EFD wapi na wapi jamani.

Vioo Chuga

Basi nisikuletee risiti ya boza kabisa. Naweka mstari wangu kwenye ankara, "maji, kwa ndoo ya lita 20", bei tumekubaliana mwanzo wa mkataba, risiti ya EFD natoa mimi kwa jumla yote. Nikitumia ya mvua ni faida yangu, nikinunua boza ni hasara yangu.

Meneja wa Zamu

Hiyo inapita. Na ndoo zihesabiwe na mlinzi getini, asaini.

Mzee wa Ngazi

Mlinzi ahesabu zikiingia zimejaa, sio zikitoka. Nawajua hawa vijana.

Mama Usafi Moshi

Nimekopi yote naipeleka kwa wateja wangu wa Shanty Town wiki hii. Chalii wa Ilboru, tanki la lita elfu tano la kukingia hiyo mvua nitanunua wapi, na usafiri mpaka Moshi unaweza kunisaidia?

Chalii wa Ilboru

Nakuja PM mama.